Gari bila shofere ikivunja sheria ya barabara, nani anajibu?

Usiku mmoja wa Septemba 2025, polisi wa mji mdogo wa San Bruno, jimbo la California kule Marekani, walikuwa barabarani wakitafuta mashofere walevi. Mbele ya macho yao gari moja ikageuka kurudi ilikotoka, mahali ambapo kugeuka kumekatazwa. Wakaisimamisha. Polisi alipofika dirishani ili aombe permis, kiti cha shofere kilikuwa kitupu. Ilikuwa teksi ya kampuni Waymo, ile inayojiendesha yenyewe. Polisi wakapigia kampuni simu, kisha gari ikaendelea na safari. Amende haikuandikwa, juu kitabu chao cha amende kina nafasi ya kuandika jina la mtu, hakina nafasi ya mashine.

Habari ile ilichekesha wengi. Lakini chini ya kicheko kuna swali ambalo wabunge, mainjinia na mahakimu wa inchi kadhaa wanalizunguka tangu miaka zaidi ya kumi: mashine inayoendesha gari inaruhusiwa kuvunja sheria ya barabara? Na ikivunja, nani anasimama mbele ya hakimu?

Huku kwetu, Bukavu, Goma, Bunia, Uvira ao Beni, teksi ya namna hiyo haijafika, na kwa hali ya barabara zetu haitafika kesho. Ila jambo lenyewe haliko mbali sawa tunavyowaza. Familia nyingi za Wakongomani waliotoka kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania wanaishi leo Phoenix, ao katika miji ya Texas, na katika miji kadhaa ya kule magari hayo yanapita kila siku mbele ya nyumba na mbele ya shule. Mtu ambaye ana dada yake ao mtoto wake kule, habari hii inamuhusu.

Gari gani hizo?

Watu wanachanganya vitu viwili. Kuna gari yenye mtu ndani, anayekaa kwenye usukani, lakini kompyuta ndiyo inashika usukani, mafuta na breki. Mtu huyo ana lazima ya kuangalia njia na kuwa tayari kushika mwenyewe. Programu ya Tesla iko ya namna hiyo. Jina lake la kuuzia, Full Self-Driving, linatoa picha ya gari inayojiendesha kabisa, lakini mbele ya sheria shofere ni yule mtu.

Na kuna gari isiyo na mtu kwenye usukani. Hiyo ndiyo Waymo, kampuni ya kundi moja na Google. Phoenix ilianza kubeba abiria wa kawaida bila shofere mwaka wa 2020, kisha San Francisco, Los Angeles, Austin na Atlanta. Inaona kwa kamera, kwa radari na kwa miali ya laser inayopima umbali wa kila kitu kinachoizunguka, na ndani yake kuna ramani ya kila barabara. Ikichanganyikiwa, inauliza watu walio ofisini mbali, nao wanaipa ushauri.

Gari hiyo hailewi, haisinzii, haichati kwenye simu. Waymo inatangaza hesabu zinazoonyesha kwamba magari yake yanaumiza watu mara chache kuliko magari yanayoendeshwa na watu, na hata wale wanaoikosoa hawakatai kwamba mtu nyuma ya usukani ni hatari kubwa. Kwa hiyo ubishi mkubwa hauko juu ya kusema mashine inaendesha vibaya ao vizuri kuliko sisi.

Sheria ya karatasi na sheria ya njia

Mtu anaweza kusema: jambo rahisi, muandike sheria yote ndani ya programu, gari itii, kwisha. Tuseme kamyo imekufa kwenye mlima, imeziba upande wa kuume. Katikati ya barabara kuna mstari mzima usiokatwa, maana yake usivuke. Shofere yeyote anasimama, anachungulia, anaona upande ule mwingine hakuna kitu, anavuka mstari polepole na kupita. Amevunja sheria. Hakuna roulage mwenye akili atamwandikia kitu kwa kosa hilo, na wale walio nyuma yake watapiga honi kama hakupita.

Chris Gerdes, profesa wa uinjinia katika chuo kikuu cha Stanford, pamoja na mwenzake Sarah Thornton, walichunguza mfano unaofanana na huo na kuandika juu yake mwaka wa 2015. Walionyesha kwamba yote inategemea ginsi injinia anaandika sheria. Ukiiandika kama ukuta, gari inabaki nyuma ya kizuizi mpaka usiku. Ukiiandika kama bei ya kulipa, yaani kitu kizito lakini kinachoweza kupimwa na vingine, gari inavuka mstari wakati njia iko wazi na inarudi upande wake. Hesabu ndogo tu, lakini ndani yake kuna uamuzi wa kisiasa kabisa: nani alimpa injinia ruhusa ya kusema sheria hii ni ukuta na ile ni bei?

Google iliwahi kujibu swali hilo yenyewe. Mwaka wa 2014, Dmitri Dolgov, aliyekuwa akiongoza kazi ya programu ya magari yale, aliambia shirika la habari Reuters kwamba magari yao yaliruhusiwa kupita mwendo uliowekwa kwa mpaka maili 10 kwa saa, karibu kilomita 16, kama magari mengine yote yanayoizunguka yanakimbia. Sababu aliyotoa inaeleweka: kutembea pole katikati ya wale wanaokimbia kunaweza kuleta hatari. Mwaka uliofuata, Novemba 2015, ikawa kinyume. Polisi wa Mountain View walisimamisha gari ya Google juu ilikuwa inatembea pole sana, maili 24 kwa saa mahali ambapo 35 zinaruhusiwa, na nyuma yake kumefungana mlolongo. Hapo pia hawakuandika amende.

Uingereza walifanya kitu ambacho inchi nyingi hazijafanya: waliuliza watu. Mwaka wa 2018 tume za kutengeneza sheria za England na Wales pamoja na Scotland zilitoa karatasi ya maulizo kwa raia na mashirika. Kati ya maulizo hayo: gari inayojiendesha iruhusiwe kupanda njia ya watembea kwa miguu, kwa mfano ili ipishe ambulansi? Iruhusiwe kupita kidogo mwendo uliowekwa? Na la tatu, ambalo ni gumu zaidi: iruhusiwe kusogea polepole kati ya watu waliojaa barabarani, hata kama inaweza kuwagusa?

Kila aliyepita Birere ao Kadutu saa za soko analijua hilo la tatu bila kuelezwa. Gari inaingia kati ya watu sentimita kwa sentimita, shofere anapiga honi kidogo, mama mwenye beseni anasogea, kijana wa shariyo anasogea, gari inapita. Ukiiandikia mashine kwamba isiwakaribie watu hata kidogo, itasimama pale tangu asubuhi mpaka magaribi, na vijana watafanya mchezo wa kusimama mbele yake. Ukiiandikia kwamba inaweza kusukuma, basi yule asiyeona vizuri, mzee, mwenye fimbo, ndiye atalipa bei. Kati ya mbili hizo hakuna namba ambayo injinia anaweza kuitoa kichwani mwake peke yake.

Ujerumani walichagua njia ingine. Sheria yao ya mwaka wa 2021 inasema kwamba gari isiyo na shofere ikifika mahali ambapo haiwezi kuendelea bila kuvunja sheria ya barabara, ijiweke yenyewe katika hali salama. Kisha inaweza kupendekeza namna ya kutoka, na mtu mwenye jukumu, aliye mbali lakini anapokea habari zote, ndiye anakubali ao anakataa. Ni utaratibu mzito, wa kupoteza wakati. Lakini kosa likifanyika kunakuwa na mtu aliyesema ndiyo.

Stop ya Tesla

Kesi iliyoonyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni ndogo sana, haina hata jeraha.

Marekani kuna njia-panda nyingi zenye alama ya stop pande zote nne. Sheria inasema kila gari isimame kabisa, magurudumu yasizunguke, kisha aliyefika wa kwanza apite wa kwanza. Katika maisha ya kila siku mashofere wengi hawasimami kabisa. Wanapunguza, wanaangalia, wanateleza na kupita. Ni kosa, lakini ni kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, sawa huku kwetu motari anayebeba abiria wawili.

Kuanzia Oktoba 2020, Tesla iliweka desturi hiyo ndani ya programu yake. Mwenye gari alichagua tabia ya gari kati ya tatu, toka ya upole mpaka ya ukali, na ile ya ukali iliandikiwa waziwazi kwamba inaweza kupita stop bila kusimama kabisa. Kulikuwa masharti: mwendo usipite maili 5.6 kwa saa, yaani kama kilomita 9. Barabara zote zinazoingia pale ziwe za mwendo wa chini. Kamera zisione gari ingine inayokuja, wala mtembea kwa miguu, wala baiskeli.

Shirika la serikali ya Marekani linalochunga usalama wa barabara, NHTSA, lilipoona hayo lilikutana na Tesla mara mbili Januari 2022. Mwanzoni mwa Februari ikatangazwa kwamba magari 53,822 yanarekebishwa. Hakuna aliyepeleka gari garaji. Programu mpya ilitumwa kwa intaneti na desturi ile ikafutwa. Tesla ilisema haijui ajali hata moja iliyotokana nayo. Elon Musk alijitetea kwamba hapakuwa na hatari: gari ilipunguza tu mwendo na kuendelea kama hakuna mtu.

Utetezi huo una uzito wake. Kama hakuna mtu, hakuna gari, na kamera inaona pande zote, nani ameumia? Shofere mwenye uzoefu angefanya vilevile. Mashine pengine inaangalia vizuri zaidi kuliko yeye.

Lakini vitu viwili haviko sawa. Cha kwanza, "hakuna mtu" maana yake ni "kamera haikuona mtu". Mtoto anayetoka nyuma ya gari iliyosimama hayuko kwa kamera mpaka atoke, na alama ya stop iliwekwa hasa kwa ajili ya yule ambaye bado hajaonekana. Kusimama kabisa kunatoa nafasi ya sekunde mbili kwa kile ambacho haukujua.

Cha pili ndicho kinabadilisha jambo lote. Shofere anayeteleza kwenye stop anaamua palepale, yeye mwenyewe, akiwa na mwili wake ndani ya gari, na akijua kwamba polisi anaweza kumshika. Anaiba sekunde, lakini anajua anaiba. Huku uamuzi ulifanyika ofisini, miezi mbele, na watu ambao hawatapita kamwe kwenye njia-panda ile. Uliandikwa mara moja na ukaenda kwa maelfu ya magari usiku mmoja. Hilo si kosa la shofere tena. Ni sheria mpya, iliyotungwa na kampuni bila bunge, bila kura, na bila kuuliza wale wanaovuka kwa miguu.

Na haikuishia pale. Februari 2023 Tesla ilirekebisha tena programu hiyo, safari hii kwa magari 362,758, juu NHTSA ilisema inaweza kupita mwendo uliowekwa ao kuvuka njia-panda kinyume cha sheria. Oktoba 2025 shirika hilo likafungua uchunguzi mwingine juu ya magari karibu milioni 2.9, kufuatana na ripoti za magari yaliyovuka taa nyekundu ao kuingia upande wa wengine.

Vitabu na chuo vinapenda swali lingine, lile la gari iliyokatika breki: igonge mzee ao igonge watoto? Ni swali la kupendeza kwa mabishano ya jioni. Mainjinia hawakutani nalo. Wanakutana na stop, na mstari, na basi ya shule.

Mashine iliyoamini kila mtu anatii

Kuna upande wa pili ambao unasahauliwa. Mashine inaweza kuua juu ilifikiri wengine wote wanafuata sheria.

Tarehe 18 Machi 2018, saa ya usiku, katika mji wa Tempe, Arizona, mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara pana huku anasukuma baiskeli. Hakuvuka kwenye mistari ya kuvukia. Gari ya majaribio ya kampuni Uber ilimgonga, akafa. Alikuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari ya namna hiyo.

Tume ya Marekani inayochunguza ajali, NTSB, ilitoa ripoti yake Novemba 2019. Gari ilimwona sekunde 5.6 mbele ya kumgonga, wakati wa kutosha. Lakini programu ilibadilisha wazo mara na mara: ni kitu kisichojulikana, ni gari, ni baiskeli. Na kila ilipobadilisha, ilianza upya kuhesabu anaelekea wapi. Sababu moja kubwa iliandikwa wazi: programu haikutengenezwa kufikiri kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo mistari. Kwa mashine, pale hapakuwa nafasi ya mtu kwa miguu. Zaidi ya hayo, breki ya dharura ambayo gari ile ya Volvo ilitoka nayo kiwandani ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ya Uber inaendesha.

Miji ya kwetu ina mistari ya kuvukia mingapi? Programu ile ingetembea Goma, kila mtu mjini angekuwa mahali ambapo mtu hapaswi kuwa.

Kisha ikaja hesabu ya nani anajibu. Ndani ya gari kulikuwa mwajiriwa wa Uber mwenye kazi ya kuangalia; uchunguzi ulionyesha alikuwa anatazama simu yake. Machi 2019 mwendesha mashtaka alisema hakuna msingi wa kushitaki kampuni kwa kosa la jinai. Mwajiriwa alishitakiwa, na Julai 2023 akakubali kosa la kuhatarisha maisha ya mtu, akapewa miaka mitatu ya kuchungwa bila kufungwa. Kosa lake lilikuwa la kweli. Lakini waliozima breki ya Volvo, na walioamua kwamba watu wanavuka kwenye mistari tu, hawakuonekana mbele ya hakimu. Mashofere wa huku wanajua hali hiyo bila kusoma ripoti yoyote: gari ikigonga, shofere analala kwenye amigo, mwenye gari analala nyumbani.

Basi ya watoto Austin

Marekani basi ya shule ikisimama na kuwasha taa zake nyekundu, mkono wenye alama ya stop unatoka ubavuni, na magari lazima yasimame mpaka watoto wavuke. Ni sheria ambayo Wamarekani hawaichezei.

Katika mji wa Austin, Texas, mabasi ya shule yana kamera. Tangu mwanzo wa mwaka wa shule wa 2025, uongozi wa shule za mji ulianza kuona kwenye kamera magari ya Waymo yakipita mabasi yaliyosimama. Moja, mbili, kisha zaidi ya kumi na tano. Oktoba, NHTSA ikafungua uchunguzi, kisha video ingine ya Atlanta kuonekana. Kampuni ilisema imerekebisha programu, lakini shule ziliendelea kuhesabu makosa, na uongozi ukaomba magari hayo yasitembee saa za kupeleka na kurudisha watoto. Desemba 2025 Waymo ilitangaza marekebisho rasmi ya programu kwa magari yake.

Hapa kunaonekana nguvu na hatari ya mashine kwa pamoja. Shofere mmoja akifundishwa, anajua yeye peke yake. Gari moja ikirekebishwa, zote zinarekebishwa usiku uleule. Lakini kosa nalo linasafiri vilevile. Na mtu aliyeandikiwa mara tano kwa kupita basi ya watoto, permis yake ingekuwa mezani kwa hakimu zamani. Kila gari ya Waymo iliendelea kubeba abiria.

Amende inaenda kwa nani?

Majibu yanakuja polepole. Arizona polisi wanaweza kuandikia kampuni. California, mahali pa kituko cha San Bruno, gavana alitia sahihi sheria mwaka wa 2024 inayosema kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2026 polisi wanaweza kutoa karatasi ya kosa kwa kampuni iliyotengeneza gari. Uingereza, sheria ya mwaka wa 2024 inaenda mbali zaidi: mtu aliye ndani hashitakiwi kwa namna gari ilivyojiendesha, na kampuni iliyopewa ruhusa ndiyo inabeba jukumu.

Ila kuna tofauti kati ya kujibu na kulipa. Mwaka wa 2024, magari ya Waymo mjini San Francisco yalipata amende 589 za kusimama mahali pabaya, jumla dola 65,065. Kwa mtu wa teksi wa Bukavu, amende moja inakula versement ya siku, na pengine na chakula cha nyumbani. Kwa kampuni ya ukubwa ule, dola elfu sitini na tano ni gharama ya kazi, sawa mafuta. Kwa hiyo wengi wanaona kwamba adhabu yenye meno ni ruhusa yenyewe: ofisi iliyoitoa iweze kuiondoa.

Kongo nayo imewahi kuweka mashine barabarani, lakini kwa upande wa polisi. Tangu 2013 Kinshasa imekuwa na roboti za roulage, za aluminiamu, zinazotumia nguvu ya jua, zilizotengenezwa na kundi la injinia Thérèse Izay Kirongozi. Zinaelekeza magari na kupiga picha. Mashofere wengi walizipokea vizuri, juu roboti haiombi kitu dirishani. Roboti ile inatoa amri na mtu anatii. Gari bila shofere ni kinyume: mashine ndiyo inapaswa kutii, na sheria zetu hazijafikiria mashine ya namna hiyo. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Hata mapatano ya kimataifa ya Vienna ya 1968 yalisema kila gari inayotembea lazima iwe na shofere. Ilibidi yaongezewe kipengele kipya, kilichoanza kazi Julai 2022, ili mashine ihesabiwe.

Nani anashika ushahidi

Tarehe 2 Oktoba 2023, San Francisco, gari iliyoendeshwa na mtu iligonga mwanamke na kukimbia. Mwanamke akarushwa mbele ya gari isiyo na shofere ya kampuni Cruise, nayo ikamgonga na kusimama. Kisha, kufuatana na programu yake inayosema gari ikipata ajali ijitoe katikati ya njia, ikaanza tena kutembea kwenda pembeni. Mwanamke alikuwa chini yake. Ilimburuta karibu mita 6. Kanuni ilikuwa nzuri, na ilitiiwa barabara.

Aliokoka, na majeraha makubwa. Kilichoangusha kampuni kilikuja baadaye: wakubwa wa serikali walisema hawakupewa habari kamili ya kuburutwa. California iliondoa ruhusa tarehe 24 Oktoba. Mwaka wa 2024 Cruise ililipa NHTSA dola milioni 1.5, kisha dola 500,000 zingine kwa kukubali kwamba ilitoa ripoti ya uongo. Desemba ya mwaka huo General Motors, mwenye kampuni, akafunga kazi ya teksi hizo.

Kamera zilirekodi kila kitu, lakini picha zilikuwa mikononi mwa yule anayeshitakiwa. Kwa ndugu walio Phoenix, Austin ao Atlanta, hilo lina maana ya kila siku. Mtu akigongwa ao akikoswa na gari isiyo na shofere, hakuna wa kubishana naye dirishani. Sauti inayojibu ndani ya gari ni ya mwajiriwa wa kampuni. Aandike namba ya gari, saa na mahali, apige picha kwa simu yake mwenyewe, na aite polisi palepale hata kama jeraha linaonekana dogo, juu karatasi ya polisi itakuwa ya kwanza isiyotoka kwa kampuni.